Anayekutwa na Mzoga Siye Aliyeua

Wasomaji wetu wa Barut, Mwariki na mashamba mengine yanayopakana na Mbuga ya Ziwa Nakuru wanaijua habari hii. Mtu anaamka alfajiri, mbuzi mmoja hayupo zizini, na kule chini fisi anatafuna mifupa. Mara moja hukumu inapita: fisi ndiye mwizi. Labda ni kweli. Lakini porini mnyama anayekutwa juu ya nyama mara nyingi siye aliyeiua.

Tuchukue mfano wa jirani zetu Tanzania, katika kreta ya Ngorongoro. Wageni walikuwa wakifika asubuhi, wanaona simba wanakula na fisi wamekaa kando wakingoja. Basi wakasema fisi ni mla makombo. Mtaalamu mmoja, Hans Kruuk, aliwafuata fisi hao usiku, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Aligundua kwamba mara nyingi fisi ndio waliowinda, kisha simba wakaja kuwanyang'anya. Kumbe waliokuwa wakingoja ndio wenye chakula!

Kuua ni jambo moja, kula ni jingine. Simba dume hufika kilo 190 hivi, fisi ana kilo 50 hadi 70, kwa hiyo fisi peke yake hathubutu. Lakini fisi wakiwa wengi, na simba jike ni wachache bila dume, mambo hugeuka na simba ndio wanaoondoka. Duma ndiye mwenye taabu kabisa. Anawashinda wote kwa mbio, ila akishamkamata swala anahema tu, lazima apumzike, na hapo fisi anatokea. Duma hapigani, kwani akivunjika mguu atawindaje tena? Chui yeye huvuta nyama yake mpaka juu ya mti, akalia huko.

Mbuga yetu ni kilomita 188 za mraba tu, na imezungushiwa ua. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda na kumeza sehemu kubwa ya malisho ya ufuoni. Ua nao haumshindi chui, maana ni mpandaji hodari.

Sasa, mzoga unasomwaje? Chui huuma koo. Utaona matundu ya meno, na mara nyingi ameuburuta hadi kichakani. Fisi hurarua tumbo na mapaja, damu hutapakaa, na mifupa mikubwa huvunjwa (ndiyo maana mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa). Mbwa wa mtaani huuma ovyo na kuacha mbuzi kadhaa na majeraha. Chuna ngozi kidogo penye alama za meno: kama hakuna damu iliyovilia chini yake, huenda mbuzi alikufa kwa ugonjwa, na fisi alikuja baadaye kujilia tu.

Wengine hukimbilia kutia mzoga sumu. Sumu haichagui. Desemba 2015 huko Maasai Mara, simba walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu, na tumbusi nao wakafa.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia kwa mifugo iliyouawa na simba, chui, fisi, duma au mbwa mwitu. Basi usiuhamishe mzoga. Funika alama za nyayo kwa karai, uite maafisa wa KWS siku hiyo hiyo. Na zizi la mbuzi liezekwe juu pia, maana miiba ya kando haimzuii chui.