Kitanda cha Watoto Ndicho Kinachoamua Karavani

Ukiingia kwenye yadi ya karavani hapa Uingereza, muuzaji atakuanzishia mbele. Atakuonyesha makochi mapana chini ya dirisha kubwa, jiko, friji, na taa zilizofichwa chini ya makabati. Vitanda vya watoto viko nyuma kabisa, jirani na choo, na mara nyingi huonyeshwa mwisho, wakati baba na mama wameshapenda makochi. Kwa familia yenye watoto wadogo, mpangilio huo umepinduka. Anzeni nyuma. Kitanda cha watoto kitaamua mtalala vipi, mtabeba mzigo kiasi gani, na karavani itatulia namna gani barabarani.

Karavani ninayoisema ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari la kawaida. Familia kadhaa za Waswahili wanaoishi huku zimenijia na swali moja: je, tuchukue yenye dabo deka za kudumu, au ile ambayo meza na makochi hugeuzwa vitanda usiku? Inafaa kuufikiria usiku wenyewe. Mko Wales, mvua imeanza tangu adhuhuri, nguo mbichi zimetundikwa kila mahali. Mtoto wa miaka mitano amechoka saa moja na nusu. Kwenye karavani isiyo na vitanda vya kudumu, hawezi kulala mpaka sahani ziondolewe, meza ishushwe, mito ipangwe kama matofali na shuka zitafutwe. Akishalala, sebule imekwisha, nanyi wazazi hamna pa kukaa. Asubuhi kazi yote inarudiwa kinyume kabla ya mtu kunywa chai. Kwenye dabo deka ya kudumu, mtoto anapanda, pazia linavutwa, basi. Huko Scotland mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na pazia zito la kitandani lina thamani kuliko friji kubwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenye watoto wadogo ni ndiyo, chukueni vitanda vya kudumu. Lakini vitanda hivyo vina gharama ambazo hazimo kwenye bei.

Kabla ya kufika kwenye gharama hizo, tuanze na kuvitambua vitanda vyenyewe: Wajerumani wana mazoea mazuri yanayomrahisishia mnunuzi kazi. Katika majina ya karavani za Hobby, Fendt au Knaus, ukiona herufi K kati ya zile herufi zinazofuata namba, jua ina vitanda vya watoto. K ni ya neno lao la watoto, Kinder. Si ajabu wao kulitilia maanani jambo la familia kusafiri pamoja. Mwaka 1931, Arist Dethleffs wa mji wa Isny, mtengenezaji wa viboko na fimbo za kutelezea thelujini, alijenga karavani inayohesabiwa kuwa ya kwanza Ujerumani, ili mchumba wake, mchoraji Fridel Edelmann, aweze kusafiri naye badala ya kubaki nyumbani kila biashara inapomwita njiani. Kasoro ya karavani nyingi za bara la Ulaya ni kwamba mlango uko upande wa kulia. Ukisimama kando ya barabara ya Uingereza, mtoto anafungua mlango na kushuka upande wa magari yanayopita. Zilizojengwa Uingereza zina mlango upande wa kushoto. Kwa wenye watoto wa kukimbiakimbia, mimi ningelipa uzito mkubwa jambo hilo.

Sasa pandeni vitandani. Namaanisha watoto wavue viatu, wapande, walale, wageuke, wakae kitako. Vitanda vingi vya aina hii vina urefu wa karibu mita 1.8 na upana wa sentimita 60 hivi. Mtoto wa miaka minane anavifurahia. Kijana wa miaka 14 mwenye miguu mirefu hawezi kujinyoosha humo. Karavani mtakaa nayo miaka mitano au zaidi, basi pimeni mtoto mtakayekuwa naye, si huyu wa leo tu. Tafuteni kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye kitanda cha juu, na msiposhawishika nacho, ombeni kitabu cha maelezo.

Mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu. Hilo ndilo onyo la viwango vya Ulaya kwa dabo deka za majumbani, na sioni sababu ya kulilegeza kwenye karavani, ambako ngazi ni nyembamba na sakafu iko karibu na ncha kali za makabati. Ukingo wa kitanda cha juu upimwe godoro likiwa mahali pake. Wazazi wengi huona godoro la karavani ni jembamba, wakanunua jingine nene. Kila sentimita ya unene inaushusha ukingo sentimita hiyohiyo, mpaka mtoto akigeuka usingizini hakuna cha kumzuia. Angalieni pia kama kila kitanda kina dirisha na taa yake. Dirisha linaleta hewa, na siku ya moto likifunguka vizuri mtoto ana njia ya pili ya kutokea.

Gharama ya kwanza iliyofichika ni mzigo. Kila karavani ina uzito wake ilivyotoka kiwandani, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ruhusa yenu ya kubeba vitu. Kiwango cha Ulaya kinataka ruhusa hiyo isipungue kilo 10 kwa kila mtu wa kulala, kilo 10 kwa kila mita ya urefu wa bodi, na kilo 30 juu yake. Karavani ya watu sita yenye bodi ya mita sita inapata kilo 150. Inasikika nyingi. Toeni hema la mlangoni, tuseme kilo 30, mota ya kuisogezea karavani uwanjani, kilo 30, betri, 20, viti vya nje na meza, 15. Zimebaki kilo 55 kwa watu sita, yaani kama kilo tisa kila mmoja kwa nguo, matandiko, vyombo, chakula na midoli. Viwanda vingine hukubali kuongeza uzito unaoruhusiwa kwa kubadilisha bamba tu. Ulizeni kabla ya kulipa.

Gharama ya pili ndiyo inayonikosesha raha zaidi, kwa sababu haionekani mpaka mko barabara kuu. Dabo deka nyingi zimewekwa mwisho kabisa wa karavani, mbali na ekseli. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega anajua kinachotokea: ukigeuka ghafla, zile ndoo mbili za nchani zinataka kuendelea kuzunguka hata wewe ukiwa umeshasimama. Karavani yenye uzito nchani hufanya hivyohivyo. Upepo wa lori ukiipiga ubavuni inaanza kutikisa mkia, na mkia ukishapata nguvu unalivuta gari.

Vitanda vitupu peke yao si tatizo. Mhandisi wa kiwanda ameshavihesabu alipopanga mahali pa ekseli. Tatizo ni sisi. Kitanda cha chini katika karavani nyingi hukunjwa juu, na ukutani pana mlango mdogo wa nje, kwa hiyo kinageuka stoo nzuri sana. Baiskeli mbili za watoto zinaingia humo, na mfuko wa viatu, na dumu la mafuta ya kupikia. Chukueni karavani yenye kilo 1,450 ikiwa imepakiwa. Sehemu yake ya mbele inatakiwa iikandamize ndoana ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito huo, yaani kati ya kilo 73 na 101, bila kuzidi kiasi kilichoandikwa kwenye ndoana na kwenye kitabu cha gari. Tuseme mlipima mkapata 80, mkaridhika. Kisha mkapakia kilo 40 kwenye kitanda cha nyuma, mita 2.5 nyuma ya ekseli, wakati ndoana iko mita nne mbele yake. Ni pembea ya ubao: kilo 40 za nyuma zinanyanyua kilo 25 mbele. Mmebaki na 55, na karavani imekuwa hatari bila mtu kuona badiliko lolote kwa macho.

Vitu vizito vikae chini, sakafuni, karibu na ekseli. Juu ya vitanda wakati wa safari acheni mito na mablanketi. Kipimo cha mkandamizo wa ndoana ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Kitumieni kila mkishapakia, si mara moja kwa mwaka. Karavani ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani imara, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usijaribu kuufukuza mkia kwa usukani. Vidhibiti vya kuyumba vya kampuni kama AL-KO vinasaidia sana, ila havirekebishi upakiaji mbaya.

Kuhusu gari nitasema kwa ufupi. Tangu 16 Desemba 2021, leseni ya kawaida ya gari dogo Uingereza inaruhusu kuvuta trela la hadi kilo 3,500, lakini gari lenu lina kikomo chake lenyewe, na hicho ndicho kinachowafunga. Kwa anayeanza, ushauri wa kawaida ni karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Gari la kilo 1,700 livute isiyozidi 1,445. Karavani nyingi za watu sita zinapita hapo, kwa hiyo huenda mkahitaji gari zito zaidi au karavani ya watu wanne yenye dabo deka. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati na 60 kwenye barabara kuu zilizogawanywa. Na hata watoto walie namna gani kutaka kulala nyuma, hawaruhusiwi kukaa ndani ya karavani inayovutwa.

Mkinunua iliyotumika, pona yenu iko tena kwenye kile kitanda cha nyuma. Nyanyueni magodoro yote mawili. Pembe hiyo hupata baridi ya kuta mbili za nje, na usiku ina pumzi za watoto. Unyevu huganda ukutani nyuma ya godoro, na maungio ya bodi yakivuja, maji huanzia hapohapo. Nuseni. Harufu ya uvundo haifichiki kwa manukato. Bonyezeni ukuta kwa kidole gumba kuona kama unabonyea. Fundi akija na mita ya unyevu, chini ya asilimia 15 ni salama. 15 hadi 20 inafaa kufuatiliwa. Ikizidi 20 atafute chanzo. Ikizidi 30, mara nyingi mbao za ndani zimeshaanza kuoza, na ukarabati wake unaweza kuzidi bei ya karavani. Matairi nayo huzeeka kabla ya kuisha, kwa sababu karavani hukaa tu miezi mingi. Someni namba nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Badilisheni ifikapo miaka mitano, na yasipite saba kabisa. Karavani za Uingereza hazina kadi ya umiliki kama ya gari. Namba ya nyuma ni nakala ya ile ya gari linalovuta. Badala yake nyingi zilizotoka viwandani tangu 1992 zimesajiliwa kwenye daftari la karavani liitwalo CRiS, na namba yake hupatikana kwenye chesisi na kwenye vioo. Zisipolingana, ondokeni.

Limebaki jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu, kwa sababu linatugusa sisi hasa. Tunapenda nyama choma, na mvua ya huku hutushawishi kuliingiza jiko chini ya hema la mlangoni, hatua mbili kutoka walikolala watoto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata ukiwa majivu yanayofifia. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala karavani, hata likionekana limezimika. Wekeni kengele ya kung'amua hewa hiyo, na msizibe matundu ya hewa ya sakafuni. Mara nyingi moja liko chini ya kitanda cha watoto, na mfuko wa nguo unatosha kuliziba.

Mtoto wenu wa mwisho akiwa ameshapita miaka 12, msinunue dabo deka za kudumu: atazitumia misimu miwili, na mtavuta uzito wake kwa miaka kumi. Mkiwa na wa miaka mitatu, minne, saba, nunueni bila kusita, mradi mizani imewakubalia. Nendeni yadi na watoto wote, asubuhi wakiwa hawajachoka, mkiwa na utepe wa kupimia. Muuzaji atakayewakataza watoto kulala kwenye vitanda hivyo kwa nusu saa, msinunue kwake.