Nyumba ya Mjini ya Zama za Akina George: Maneno ya Kuifasiri

Mfasiri akutanapo na neno Georgian katika maelezo ya majengo ya Uingereza hujikuta njia panda. Akiandika "nyumba ya Kijojia", msomaji atadhani inasemwa nchi ya Jojia iliyoko Kaukasi. Neno hilo latokana na jina la wafalme wanne wa Uingereza, George wa Kwanza hadi wa Nne, waliofuatana tangu 1714 hata 1830. Twapendekeza, basi, "zama za akina George".

Tutwae mfano mmoja: nyumba nambari 7, Great George Street, mjini Bristol, ambayo sasa ni makumbusho. Ilijengwa yapata 1790 kwa mchoro wa William Paty. Mwenyewe alikuwa John Pinney, mfanyabiashara wa sukari aliyemiliki shamba na watumwa katika kisiwa cha Nevis, Karibi. Twaiita "nyumba ya mjini", wala si "nyumba" tu, kwa sababu matajiri wa aina yake aghalabu walikuwa na nyingine shambani; Pinney alikuwa na ile ya Racedown, jimboni Dorset.

Madirisha ya nyumba hizi hayafunguki kwa bawaba. Yana fremu mbili zinazoteleza, moja nyuma ya nyingine, zikisaidiwa na vizito vilivyofungwa kambani na kufichwa ubavuni mwa dirisha. "Dirisha la kupandisha" latosha.

Sehemu iliyo chini ya ardhi, penye jiko na birika la kuogea maji baridi, haihitaji neno jipya: tunalo "sardabu", ambalo wengi wamelisahau. Kuhusu ghorofa, Mwingereza huanza kuhesabu juu ya sehemu ya chini, kama sisi tusemapo "nyumba ya ghorofa moja". Mmarekani huianzia chini kabisa. Hapana budi mfasiri ajue kwanza mwandishi ni yupi.

Hayo ni mepesi. Lililo zito ni neno moja la Kiingereza litumikalo kwa wote waliofanya kazi nyumbani humo, ambalo wafasiri wetu huliandika "mtumishi" bila ya kusita. Mnamo 1783 Pinney alirejea Uingereza kutoka Nevis pamoja na watu wawili wa asili ya Kiafrika. Mmoja, Fanny Coker, alikuwa amekwisha kupewa uhuru wake mwaka 1778. Wa pili, Pero, alinunuliwa na Pinney mwaka 1765, akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Alimhudumia bwana wake hadi alipofariki mwaka 1798, na uhuru hakupewa. Kiingereza chaweza kuwafunika wote wawili kwa neno moja la heshima. Kiswahili kinayo mawili, yote yametokana na kitenzi "tuma", na tofauti yake yafahamika hata kwa mtoto.

Kwa hiyo twashauri Fanny Coker aandikwe "mtumishi", na Pero "mtumwa", hata kama matini ya asili yametumia neno moja. Wako watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kusahihisha matini. Twawajibu kuwa hapa hasahihishi; analazimishwa na lugha yake kuchagua, na "mtumishi" nalo ni chaguo. Bristol yenyewe ina daraja la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwaka 1999, liitwalo kwa jina la Pero. Jina hilo liachwe lilivyo.