Unauza rimu mtandaoni? Uliza haya kabla hujapokea hela

Wapambanaji wenzangu, mteja akituma picha tu na kusema "nataka za Land Rover 109", usikimbilie kumpa namba ya malipo. Rimu isiyokaa sawa ikirudi kutoka Haydom, nauli ya basi inakula faida yote. Ikilazimishwa ni mbaya zaidi: gari linashuka mlima Magara na mzigo, tairi linachomoka.

Mimi duka langu lipo Katesh. Kila mteja namuuliza hivi:

1. Mashimo ya nati. Land Rover za zamani ni 5, kwenye duara la milimita 165.1. Mashimo 5 hayatazamani, kwa hiyo apime katikati ya shimo moja mpaka katikati ya la jirani, azidishe kwa 1.7. Akipata milimita 97 hivi kabla ya kuzidisha, ndo zenyewe.

2. Tundu la kati. Likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii kabisa.

3. Nati. Rimu yenye mashimo ya koni inataka nati za koni. Ukiweka bapa zinalegea.

Siku ya kufunga, fundi akaze kwa msalaba, sio kwa kuzunguka. Azungushe tairi kwa mkono aone haligusi breki. Baada ya kilomita 80 hivi akaze tena, ni kama Katesh mpaka Babati tu.

Vipimo vyote mteja aviandike WhatsApp. Siku ya mzozo, hiyo ndo risiti yako.