Wimbo Ule Ule, Mapigo Mengine

Gram Parsons alifariki Septemba 1973 akiwa na miaka 26. Albamu yake ya mwisho, Grievous Angel, ilitoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Humo umo wimbo Ooh Las Vegas, unaomhusu mtu anayemalizwa na kamari. Parsons na Emmylou Harris wanauimba mbiombio, magitaa yanafukuzana, na asiyefuatilia maneno anaweza kuucheza harusini. Mwaka 1999 Cowboy Junkies, bendi ya Kanada, waliupiga upya kwa mwendo mzito, wenye kiza. Hadithi ni ile ile, lakini safari hii unamsikia mtu anazama.

Toleo hilo limo kwenye Return of the Grievous Angel, albamu ya kumuenzi Parsons iliyosimamiwa na Emmylou mwenyewe. Kwangu ndiyo kipimo cha albamu za aina hii katika kantri-roki. Emmylou angeweza kujipa nafasi ya mbele, maana hakuna aliyezijua nyimbo hizo kumzidi. Badala yake aliwapa wengine uongozi: Beck katika Sin City, Sheryl Crow katika Juanita, Chrissie Hynde wa Pretenders katika She. Yeye akaimba sauti ya pili, kazi aliyokuwa akimfanyia Parsons.

Kinachoruhusu haya yote ni kwamba wimbo na rekodi ni mali mbili tofauti. Wimbo, yaani maneno na mahadhi, ni wa mtunzi; rekodi ni ya aliyeigharimia. Nchini Marekani, tangu sheria ya hakimiliki ya 1909, wimbo ukishatoka kwenye rekodi kwa idhini ya mwenyewe, msanii mwingine anaweza kuurekodi bila kumbembeleza mtu, mradi amlipe mtunzi mrabaha uliopangwa kisheria. Sheria ya sasa inamruhusu kuupanga upya kwa mtindo wake, ila asivuruge mahadhi ya msingi wala tabia ya wimbo. Kubadili mwendo, ala na sauti ni ruksa, na uwanja huo ni mpana kuliko watayarishaji wengi wanavyoutumia.

Roki ya kiasili (folk rock) yenyewe ilishika kasi kwa njia hiyo. Mwaka 1965 The Byrds waliuchukua Mr. Tambourine Man wa Bob Dylan, wakabakiza ubeti mmoja kati ya minne, wakautanguliza kwa gitaa la umeme la nyuzi 12, na ukashika namba moja Marekani na Uingereza. Dylan alikuwa ameurekodi kwa gitaa la kawaida, bila ngoma. Ujasiri wa namna hiyo ulirudi mwaka 1989 katika albamu The Bridge, ambapo Sonic Youth, Pixies na Nick Cave walizipiga nyimbo za Neil Young kwa mitindo yao wenyewe, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye shule ya California ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa viungo na usemi.

Common Thread ya mwaka 1993, iliyokusanya nyimbo za Eagles, ilishika njia nyingine. Nyota wa Nashville, wakiwemo Vince Gill, Trisha Yearwood na Alan Jackson, waliimba karibu kabisa na rekodi za awali. Ni albamu safi, iliuza mamilioni, na mwaka 1994 Chama cha Muziki wa Kantri kikaitunuku kuwa albamu bora ya mwaka. Mimi huisikiliza kwa heshima, si kwa mshangao: ukiwa na rekodi za Eagles zenyewe, haikuonyeshi upande mpya wa nyimbo hizo. Faida yake kubwa ilitokea nje ya santuri. Travis Tritt, aliyeimba Take It Easy, aliwaomba Eagles waonekane kwenye video yake, nao wakakubali, ingawa bendi ilikuwa imesambaratika tangu 1980. Mwaka 1994 walianza ziara mpya, wakatoa na albamu.