Likasi: Volani ikiwa nyepesi kupita kiasi, fundi aanzie wapi?

Shofere mwenye gari ndogo ya mbio akitoka Likasi kwenda Lubumbashi ana kilometa karibu 120 za barabara ya taifa nambari 1 mbele yake. Ndani ya mji, gari inaweza kutembea vizuri kabisa. Shida huanza kwenye lami iliyonyooka, kasi ikifika kilometa 90 kwa saa: akigusa volani kidogo tu, gari inaruka upande mmoja, akiirudisha, inaruka upande wa pili. Mbele yake kuna kamio iliyobeba shaba. Kando ya lami kuna mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala. Kwa kasi ya kilometa 100 kwa saa gari inapita karibu meta 28 kila sekunde, na kosa dogo la mkono linatosha kuua mtu.

Mara nyingi lawama ya kwanza inaangukia kremayeri, yaani chuma chenye meno kinachogeuza mzunguko wa volani kuwa mwendo wa magurudumu ya mbele. Ni kipande cha bei kali, na mara nyingi si chenye kosa. Volani nyepesi kupita kiasi ni dalili, kama vile homa ni dalili. Fundi anayetafuta chanzo anaanzia chini, kwenye pine, kisha anapanda hatua kwa hatua. Kremayeri inakuja mwishoni.

Je, gari inaumwa kweli?

Kuna magari yaliyotengenezwa hivyo tangu kiwandani. Katika gari ya kawaida ya familia, volani huzunguka mara tatu au zaidi kidogo kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kuume. Katika Toyota 86 ni karibu mara mbili na nusu tu. Mwaka 2000, Honda ilitoa S2000 ya aina ya V, ambayo volani yake ilizunguka mara 1.4 pekee. Lakini wahandisi wake walijua hatari: waliweka mtambo unaopunguza ukali wa volani kadiri kasi inavyoongezeka.

Kwa hiyo mtu aliyezoea gari nzito anaweza kuiona gari nzima ya mbio kama mgonjwa. Swali la kwanza ni hili: hali hii ilianza lini? Ikiwa ilikuwapo tangu siku ya kununua, na gari inanyooka yenyewe shofere akilegeza mkono kidogo, huenda ni tabia yake tu. Ikiwa ilianza baada ya shimo kubwa, baada ya kubadilisha pine au baada ya kutoka garaji, chanzo kiko katika jambo lile lile lililofanyika.

Pine kwanza

Kipimo cha upepo ni kazi ya dakika tano. Pine za mbele zilizojazwa kupita kiasi zinakuwa ngumu na kujibu kila mguso. Pine za nyuma zenye upepo mchache zinafanya mkia wa gari uyumbe, na shofere anadhani kosa liko mbele. Upepo upimwe asubuhi, gari ikiwa bado baridi, na kulinganishwa na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shofere. Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Katanga zikiwa na baridi kali, upepo ndani ya pine unashuka wenyewe, hivyo kipimo cha mwezi wa Oktoba hakifai tena.

Upana nao una neno. Pine pana zinapendeza macho, lakini kwenye lami iliyochimbwa mifereji na kamio za migodi, zinafuata mifereji ile na kuivuta volani. Hapa kuna jaribio rahisi. Ikiwa gari inayumba kwenye mifereji tu na kutulia kwenye lami laini, shida ni pine na barabara. Ikiwa inaruka hata kwenye lami laini, utafutaji uendelee. Janti zinazotokeza nje kuliko zile za kiwandani huzidisha tatizo, kwa sababu kila jiwe linapata nguvu zaidi ya kugeuza gurudumu.

Miguu ya bata

Baada ya pine inakuja paralelisime, yaani namna magurudumu yanavyotazama. Magurudumu ya mbele yakifunguka kwa mbele, kama miguu ya bata, gari inakuwa na haraka ya kukata kona na haitulii kwenye barabara iliyonyooka. Katika mashindano, mafundi wengine hufanya hivyo kwa makusudi. Kwenye barabara ya kawaida ni hatari. Magurudumu ya nyuma yakifunguka hivyo, hatari ni kubwa zaidi, maana mkia wenyewe unaanza kuongoza gari.

Pasipo mashine, fundi anaweza kupata picha ya kwanza kwa meta ya kupimia. Anasimamisha gari mahali palipo sawa, anapima umbali kati ya pine mbili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma wa pine zile zile, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Umbali wa mbele ukizidi ule wa nyuma, magurudumu yamefunguka. Pine zilizolika upande wa ndani ni ushahidi mwingine. Kipimo hiki kinaonyesha ugonjwa tu. Marekebisho yenyewe yanahitaji mashine.

Gari iliyoinuliwa

Kwa sababu ya mashimo, wenye magari ya chini huweka vipande juu ya resori ili gari isigonge chini. Wengine huinua nyuma tu. Hapo ndipo volani inaweza kuharibika bila mtu kuigusa.

Uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo, na mlalo huo unasaidia baiskeli kwenda moja kwa moja. Gurudumu la mbele la gari lina mlalo wa namna hiyo. Nyuma ikiinuliwa peke yake, pua inainama na mlalo unapungua: volani inakuwa nyepesi, na hairudi yenyewe baada ya kona. Tena, gari ikiinuliwa sana, vyuma vinavyosukuma magurudumu havilali sawa tena. Kila tuta linapogongwa, magurudumu yanageuka kidogo ingawa mikono ya shofere imetulia. Yule aliyeshusha gari yake chini ili ifanane na ya mashindano anapata shida hiyo hiyo kwa njia nyingine. Baada ya kubadilisha kimo cha gari, paralelisime ipimwe upya, bila kungoja pine ziishe.

Kisha vyuma vikaguliwe. Gari ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya nguzo imara, gurudumu la mbele linashikwa kushoto na kuume na kutikiswa. Likicheza, rotula za direksiyo au kremayeri zimechoka. Likicheza likishikwa juu na chini, fundi atazame rubeni na rotula za chini. Rotula iliyochoka inadanganya: volani haijibu mwanzoni, kisha inajibu ghafla, na shofere anaiona kuwa kali. Silambloki za nyuma zikikatika nazo zinaacha mkia ujigeuze shofere anapokanyaga au kuachia mafuta.

Volani iliyohamishwa

Kongo inaendesha upande wa kuume wa barabara. Magari mengi yanayovuka Kasumbalesa yana volani upande wa kuume, na mengine huhamishiwa volani kushoto baada ya kufika. Kazi hiyo inahitaji kremayeri nyingine, ambayo wakati mwingine inatoka kwenye gari ya aina tofauti. Kwa gari kama hiyo, kremayeri inastahili kushukiwa mapema. Mizunguko ya volani ihesabiwe na kulinganishwa na ile ya kiwandani. Ikiwa imepungua, sababu imejulikana. Vifungo na viungo vya mhimili wa volani vikaguliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kiungo kikiachia njiani hakuna mkono utakaoliokoa gari.

Volani ndogo ya mapambo pia inahesabika. Kutoka kipenyo cha sentimeta 38 hadi 33, mwendo ule ule wa mkono unazungusha volani kwa asilimia 15 zaidi.

Mwisho ni umeme. Katika magari ya kisasa, mota ya volani inasaidia sana wakati wa kuegesha na kupunguza msaada kasi ikipanda. Kalkulateri ikikosa habari ya kasi, magari mengine hubaki na msaada mwingi hata barabarani. Taa ya volani au ya ABS ikiwaka, au sindano ya kasi ikilala, gari iunganishwe na skana kabla ya kufungua chuma chochote.

Kanuni moja inalinda mfuko wa mwenye gari: kubadilisha jambo moja tu kwa wakati, kuliandika, kisha kujaribu. Anayebadilisha pine, resori na rotula siku moja hatajua kilichoponya, wala kilichoharibu. Jaribio lifanyike mahali peupe pasipo watu, kwa kasi ndogo inayopandishwa polepole. Na mpaka chanzo kijulikane, gari hiyo ibaki mjini na mwendo wa pole. Yule mwenye baiskeli ya makala hana njia ya kujua kwamba gari inayomjia ni mgonjwa.