Joto la mwili wa mtoto: lipi ni la kawaida, lipi ni homa?

Jioni umemshusha mtoto mgongoni, ukamgusa paji la uso, ukaona lina moto. Je, ni homa, au ni joto la kanga na mgongo wako? Kiganja peke yake hakitoshi kukujibu. Ukiwa umetoka kufua kwa maji baridi, hata mtoto mwenye afya utamhisi wa moto. Na ukiwa na homa wewe mwenyewe, unaweza usiitambue ya mtoto.

Joto la kawaida si namba moja

Wengi tumezoea kusikia nyuzi joto 37. Lakini joto la mtoto mwenye afya, likipimwa kwapani, huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Huwa chini alfajiri na hupanda kidogo kuelekea jioni. Kulia sana, kucheza juani au kufunikwa nguo nyingi pia hulipandisha.

Namna ya kupima

1. Mpunguzie mtoto nguo, kisha subiri kama dakika 15.
2. Futa jasho kwapani.
3. Weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa, ikigusa ngozi.
4. Ubane mkono wake mwilini mpaka kipimajoto cha dijitali kilie.

Namba inakuambia nini?

*Mtoto wa chini ya miezi 2:* Nyuzi 37.5 au zaidi ni dalili ya hatari. Chini ya 35.5 pia ni hatari, kwa sababu kichanga mwenye maambukizi makali anaweza kupoa badala ya kupata moto. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Kama amepoa, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja nawe, na endelea kumnyonyesha njiani.

*Mtoto mkubwa zaidi:* Nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Mvalishe nguo nyepesi, mnyonyeshe au mpe vinywaji mara kwa mara. Usimwogeshe maji ya baridi sana, yatamtetemesha. Mnapoishi penye malaria, apimwe damu ndani ya saa 24. Usimpe dawa ya malaria iliyobaki nyumbani.

Usisubiri kipimajoto

Mwahishe mtoto kituoni, joto liwe lolote, ukiona:

- hawezi kunyonya wala kunywa
- anatapika kila kitu
- amepata degedege
- amelegea sana au haamki
- anapumua kwa shida

Huna kipimajoto na mtoto ana moto? Mpeleke hivyo hivyo. Mweleze mhudumu joto lilianza lini, hata kama limeshuka mlipofika. Homa hupanda na kushuka, na maelezo yako ni sehemu ya kipimo.