Gari la Faiba Hufufuliwa, Mapafu ya Fundi Hayafufuliwi



Bodi za magari mengi tunayoyaona katika barabara ya Gisenyi kwenda Kigali ni za bati la chuma. Bati hilo hukandamizwa na mashine kubwa za kiwanda, ambazo fundi wa kawaida hawezi kuzinunua. Hata Kigali, ambako Volkswagen ilizindua uunganishaji wa magari mwezi Juni 2018, kazi ilianza kwa kufunga vipande vilivyotoka ng'ambo.

Lakini iko aina ya gari ambayo bodi yake hufanywa kwa mikono. Ni gari la faiba. Siku hizi magari hayo ya zamani yanatafutwa na kufufuliwa katika nchi nyingi, na kazi hiyo inawahusu mafundi wetu wa viwandani na mashambani.

Faiba ni nini?

Faiba ni nyuzi za kioo zilizotandazwa mfano wa kitambaa, kisha zikaloweshwa gundi iitwayo rezini. Rezini huchanganywa na dawa ya kugandisha, ikawa ngumu. Boti nyingi hutengenezwa hivyo hivyo. Vifaa vyake ni kalibu, brashi, rola ya kutoa hewa, na mkono uliozoea.

Kwa hiyo si ajabu kwamba aliyelipa gari hili sifa duniani alikuwa fundi wa boti. Bruce Meyers wa California, Marekani, mwaka 1964 alitengeneza gari la kuchezea mchangani, akaliita Meyers Manx. Alitumia injini na sehemu za Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo. Mteja alinunua bodi na vipande, akajiunganishia mwenyewe nyumbani. Wengine waliiga kazi yake kwa wingi. Alipokwenda mahakamani kuitetea, alishindwa.

Barani Afrika, kampuni ya GSM ya Cape Town ilianza kutengeneza gari dogo la faiba liitwalo Dart mwaka 1958. Waanzilishi wake, Bob van Niekerk na Willie Meissner, walikwenda kwanza Uingereza kujifunza kazi ya faiba. Tukumbuke kwamba wakati huo sheria za ubaguzi za Afrika Kusini zilimfungia Mwafrika kazi nyingi za ufundi. Ujuzi ulikuwepo, lakini ulikuwa na mwenyewe.

Huko Uingereza magari ya vipande yalienea kwa sababu ya kodi. Gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, na vipande havikutozwa. Mwaka 1973 ilipokuja kodi ya ongezeko la thamani, nafuu hiyo ikaisha.

Namna ya kulifufua

Faiba haipati kutu, lakini huchoka. Fundi hupima kwanza ufa. Ufa mwembamba wa juu, mfano wa utando wa buibui, mara nyingi ni wa tabaka la rangi tu. Ufa uliopenya mpaka nyuzi ni jambo jingine. Huo husagwa mpaka kufikia sehemu nzima, kingo zikalazwa kwa mteremko, kisha tabaka mpya za faiba zikajengwa kutoka upande wa ndani. Kuziba kwa juu na kupaka rangi ni kumdanganya mwenye gari.

Mahali pa kutazama sana ni pale bodi inapofungwa kwenye fremu. Vyuma vilivyofichwa ndani ya faiba hupata kutu bila kuonekana. Tena faiba haipitishi umeme. Katika gari la bati, taa hupata njia ya kurudisha umeme kwenye bodi yenyewe. Katika gari la faiba kila taa huhitaji waya wake wa kurudi. Mafundi wengi hubadilisha balbu mara tatu kabla ya kukumbuka jambo hilo.

Hali ya hewa nayo ina neno. Baridi na unyevu huchelewesha rezini kuganda, na wakazi wa kando ya Ziwa Kivu wanajua mvua zetu. Kazi ifanywe chini ya paa, siku kavu. Dawa ya kugandisha kwa kawaida ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Anayezidisha ili amalize haraka huona chombo kikichemka na kutoa moshi, na pengine kikashika moto.

Kubadili umbo

Wenye magari hutaka pia mapya: matao mapana ya magurudumu, taa nyingine, injini yenye nguvu zaidi, au mota ya umeme. Kwa faiba, kubadili umbo ni rahisi. Hatari iko chini ya bodi. Sakafu ya Volkswagen iliyotumiwa kwa Manx hukatwa karibu sentimita 36, kisha huchomelewa upya. Uchomeleaji huo ndio unaobeba roho za watu. Injini ikiongezwa nguvu bila kuimarisha breki na usukani, uzuri wa gari hautamsaidia dereva.

Afya ya fundi

Ndugu, hapa ndipo penye neno letu. Harufu kali ya rezini ni mvuke wa stairini. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Vumbi la kusaga huwasha ngozi na kuumiza koo na kifua. Na dawa hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na ile ya kuharakisha: huweza kulipuka.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke. Panatakiwa barakoa yenye chujio la mkaa, miwani ya kazi, glavu, na banda lenye hewa inayopita. Gharama hii si ya mfanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018 nayo inamtaka mwajiri alinde afya na usalama kazini.

Basi anayeitwa kukarabati boti, tangi au gari la faiba aulize mambo mawili kabla ya kushika brashi: vifaa vya kinga viko wapi, na nani atafundishwa kazi hii pamoja nami? Akijibiwa yote mawili, aanze kazi. Asipojibiwa, amwone mjumbe wa chama mahali pake pa kazi.